Majani ya Mwezi wa Nane

Mume wangu aliniua ukurasa wa pili. Kitabu chenyewe kinaitwa Wakili Hastaafu, kina kurasa mia moja na arobaini, na mke wa huyo wakili hakufika hata ukurasa wa tatu. Ni mwanamke mwenye mdomo na kanga ya njano, anadondoka jikoni na mwiko mkononi, presha. Mimi nina kanga ya njano. Newala nzima inaijua. Basi nilikifunga pale pale nikakiweka juu ya kabati la vyombo, nikamwambia mwandishi mwenyewe, Baba Yeremia wangu, kwamba marehemu hana nafasi ya kusoma.

Huyu January wangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo miaka thelathini na miwili. Mahakama ipi sisemi, zipo nyingi. Anapiga taipu bila kutazama vidole, anajua tarehe za kesi ambazo wenyewe walioshitakiana wamezisahau, lakini ukimpa jembe atalishika kama mtu aliyepewa nyoka. Si uvivu. Ndivyo alivyolelewa. Kwao ni Chilangala, kwenye mikorosho, na mama yake alipoona mtoto wa kiume ana kichwa cha shule, alimpeleka Lulindi kusoma, na sehemu yake ya palizi akapewa dada yake mkubwa, Loyce. Loyce aliacha shule darasa la nne. Kila likizo January akirudi nyumbani anaambiwa apumzike, ana mtihani, na dada yake anatoka alfajiri na majembe mawili, moja likichoka mpini anachukua lingine. Hivyo ndivyo karani alivyopatikana.

Alipostaafu nilidhani atafuga kuku. Akaanza kuandika. Miaka miwili alikaa kwenye meza yangu ya kulia chakula, akiagiza chai kama yuko hotelini, na mimi napika nikiwa nimehamishiwa kibarazani na sufuria zangu. Kumbe humo ndani alikuwa anamtengeneza wakili Cuthbert, mzee wa miaka sabini na miwili, anayekohoa, anayetembea na bakora, mgane kwa sababu tunazozifahamu, ambaye anarudi mahakamani kwa kesi ya mwisho ya mfanyabiashara wa korosho aliyeuawa. Pia kuna Shakila, miaka thelathini, ambaye kazi yake katika kitabu kizima ni kumbebea mzee mkoba na kumwambia ana akili sana. Wanaume! Akistaafu tu, anajiandikia mtu wa kumbebea mkoba.

Alikwenda kukichapisha Masasi, kwenye duka la taipu na fotokopi, akarudi na maboksi mawili. Watu wakanipongeza sokoni kana kwamba nimejifungua. Mimi nilikuwa najua jambo moja ambalo wao hawakulijua. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya msomaji mmoja tu, naye ni Loyce.

Wifi yangu Loyce hajazungumza na mdogo wake miaka ishirini na mmoja. Mwaka ule, mume wake Stefano alishitakiwa kwamba ameiba mifuko mitatu ya salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho, kwenye ghala la kikundi cha wakulima. Kulikuwa na shahidi mmoja, akasema alimwona kwa macho yake akipita nayo jioni kwenye shamba lake huyo huyo Stefano. Stefano akafungwa miezi sita. Akakata rufaa, ikagonga mwamba. Kesi ilisikilizwa pale pale January alipokuwa karani, na Loyce alikuja nyumbani kwetu mara mbili kumwomba mdogo wake aseme neno. January akamwambia karani hana neno, karani anapiga taipu. Akaongeza kwamba sheria haina shemeji. Nilikuwa nimelala na mtoto mchanga chumba cha pili, nikasikia, na hadi leo nasikitika kwamba sikutoka nikamchapa kibao.

Stefano alitoka gerezani akaitwa Salfa. Si Stefano tena, si Baba Imakulata. Salfa. Watoto waliozaliwa baadaye wanadhani ndilo jina lake la ubatizo. Mtu mpole, akaacha kwenda kwenye mikutano ya kijiji, na kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Loyce naye akamfuta mdogo wake. Tukikutana msibani January anamwamkia, shikamoo dada, na Loyce anageukia sufuria. Shikamoo isiyoitikiwa ni kitu kibaya sana, inabaki hewani na watu wote wanaitazama. Nimeitazama miaka ishirini na mmoja.

Sasa mwaka huu binti yao, Imakulata, akapata mchumba kutoka Lukuledi. Na kwetu binti haozwi na baba. Baba atakaa, atakula, atachekacheka, lakini neno la kumtoa binti ni la mjomba, kaka wa mama, na mjomba wa Imakulata ni mmoja tu duniani, ndiye huyu wangu. Loyce akatuma habari kwamba siku ya mahari ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane na kwamba kiti cha mjomba atakalia jirani yao, mzee Gasper. January alipoambiwa aliketi chini, si kwenye kiti, chini sakafuni. Wewe fikiria, mjomba yupo hai, ana meno yake yote, na kiti chake anakalia jirani! Kwetu huko ni kuzikwa ukiwa unapumua. Basi yote aliyoyafanya miezi ile ilikuwa ni kutafuta njia ya kukirudia kile kiti, na akili yake ya ukarani ikamwambia njia ni kile kitabu kilichokwisha kuchapishwa. Dada atasoma, atajua mdogo wake si mtu mbaya, atalainika.

Kwanza lakini alitaka kujua kama kitabu ni kizuri, na hapo ndipo alipokutana na shida ya wazee wote. Kila aliyemuuliza alimjibu kwa heshima. Kizuri sana, mzee. Hongera, baba. Tunajifunza mengi. Mwisho akanunua daftari la kaunta, akaandika juu yake Maoni ya Wasomaji, akaliacha kwenye saluni ya Sultani kinyozi pamoja na nakala moja ya kitabu, akatoa ruhusa watu waandike bila jina. Mama yangu wee. Heshima iliishia mlangoni kwa Sultani.

Mmoja aliuliza mzee wa miaka sabini na miwili, mwenye kikohozi, anawezaje kupanda ghorofa tatu akikimbia na mwishoni atoe hotuba. Mwingine akataka namba ya simu ya Shakila. Mwalimu Shadrack, ambaye kwao ni Bukoba na anasahihisha hata matangazo ya misiba, alijaza kurasa mbili kwa kalamu nyekundu, akatoa alama sitini na moja kwa mia na kuagiza sura ya nne irudiwe. Tulijua ni yeye, nani mwingine ana wino mwekundu. Sultani mwenyewe aliandika kwamba hakuna wakili anayekwenda kesi ya mauaji bila kunyolewa, na kwamba mwandishi amewadharau vinyozi. Palikuwa na maoni mengine kwamba kama mke wa wakili asingekufa, kesi ingekwisha sura ya tano, maana angemwambia mumewe muuaji ni nani wakati wa kula. Hayo niliyaandika mimi, kwa mkono wa kushoto.

January alivimba. Alikwenda saluni kumtetea wakili Cuthbert kama ndugu yake wa tumbo moja, akasema wasomaji wa Newala wamezoea kusoma lebo za dawa. Fakihi, rafiki yake Myao, mtani wake wa tangu ujana, akamwambia wakili huyo ni mzee kuliko ilivyoandikwa, kwa sababu kila akianza kusema Fakihi alisinzia kwa niaba yake. Kwa mtani hukasiriki, hata ukitaka. January alichofanya ni kumpa Fakihi kazi. Fakihi alikuwa anakwenda Chilangala kuangalia mikorosho yake, akabebeshwa nakala moja iliyofungwa kwa gazeti na lile daftari, ampelekee Loyce. Ukamwambie, January alisema, asome tu, hata asipojibu.

Wiki mbili nzima mume wangu alikuwa mtu wa dirishani. Chai alikunywa baridi. Nilimhurumia, nasema kweli, ingawa nilikuwa bado marehemu.

Daftari likarudi Jumatano, siku tatu kabla ya mahari. Fakihi alilileta mchana, akaliweka mezani, hakutania hata kidogo, akaaga. Hapo nilijua kuna kitu. Loyce aliandika kwa mwandiko wa darasa la nne, herufi kubwa, amebonyeza kalamu mpaka karatasi imetokeza upande wa pili:

"Ukurasa wa themanini na tisa. Mwezi wa nane shamba la mikorosho halina majani. Limepaliliwa. Shahidi alijificha wapi? Mwandishi hajawahi kupalilia."

January alisoma mara tatu. Mimi nikapanda kwenye stuli, nikashusha kile kitabu juu ya kabati, nikafungua huo ukurasa. Ni pale penyewe, kesi inapogeuka. Shahidi anasimama kizimbani, anasema jioni ya mwezi wa nane alijibanza kwenye majani marefu ya kiunoni chini ya mikorosho, akamwona muuaji akipita, na wakili Cuthbert anafuta machozi, anasema ukweli umepata macho. Nilicheka. Samahani, lakini nilicheka kwa sauti. Majani ya kiunoni mwezi wa nane! Shamba la mikorosho mwezi huo ni uwanja wa mpira. Palizi ilishakwisha, salfa inapulizwa, chini kumefagiliwa ili korosho zikianza kudondoka zionekane. Panya akipita unamjua kwa jina. Wote walioandika kwenye daftari hawakuliona, kinyozi wa mjini, mwalimu wa Bukoba, vijana wa Shakila. Wenye mashamba walikuwa mashambani.

Nikamuuliza alikotoa upuuzi ule. Hakucheka. Uso ulikuwa umepauka kama muhogo uliomenywa. Akasema hakuubuni. Hayo ndiyo maneno ya shahidi wa kesi ya Stefano, neno kwa neno, aliyapenda tangu siku ile kwa jinsi yalivyopangika, akayatunza kichwani miaka ishirini na mmoja, akayatia kwenye kesi ya wakili wake.

Niliketi. Mimi sikuwahi kuingia mahakamani siku zile, niliambiwa tu kwamba kuna mtu aliona kwa macho yake, nikaamini kama wengine. Nikamuuliza kama kweli hakuna mtu yeyote aliyesema pale ndani kwamba shamba lilikuwa safi. Hakimu alikuwa mgeni, sawa, angejulia wapi mambo ya mikorosho, lakini Stefano mwenyewe je?

January alilifunga daftari. Kisha akaniambia. Stefano alisema. Hakimu aliandika kwa mkono wake: mshitakiwa anasema shamba lake alishalipalilia tangu mwezi wa sita, halina jani la kumficha hata kuku. Na rufaa ilipokatwa, ni karani January aliyepiga taipu nakala ya kwenda mahakama ya wilaya. Utepe wa mashine ulikuwa umefifia, shauri lilikuwa refu, na alipofika kwenye mstari ule akaona ni habari za kilimo. Akauruka. Halafu akasema lililo baya zaidi, kwamba alikuwa anaogopa wasije wakasema karani anambeba shemeji yake, kwa hiyo popote Stefano alipoongea sana yeye alipunguza.

Nilikuwa namfikiria Loyce na majembe yake mawili. Alipalilia fungu la huyu mtu ili ajifunze kuandika, na huyu mtu alipojua kuandika, palizi akaiona haina maana ya kuandikwa. Niliona aibu kama niliyeuruka mstari ni mimi. Baadaye January akachukua kalamu akasema ukurasa wa themanini na tisa ataurekebisha kwa mkono kwenye nakala zote. Nikamwambia akiwa na kalamu mkononi apitie na ukurasa wa pili.

Jumamosi tulikwenda bila kualikwa. January alivaa suti ya kazini, ile nyeusi inayomeremeta viwiko. Mimi nilivaa kanga ya njano makusudi. Tulipofika watu wa Lukuledi walishakaa kwenye mikeka, wazee wanne na mama mmoja mwenye daftari la orodha, na kwenye kibaraza kilikuwepo kiti cha mjomba, cha mikono, kina mto. Gasper alikuwa amesimama pembeni yake, anajikohoza tayari kukaa. Stefano alikuwa nyuma kabisa, karibu na jiko, nyumbani kwake mwenyewe. Nilimsikia mzee mmoja wa Lukuledi akimnong'oneza mwenzake kuuliza kama ndiye yule Salfa.

January alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Akapiga magoti na suti yake, akasema shikamoo dada. Loyce hakugeukia sufuria safari hii, lakini hakuitikia pia. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu hadi upara. Kisha akanyoosha kidole kwenye shamba lao la mikorosho, linaloanzia pale pale uani.

"Kwanza nenda kajifiche," alisema.

Watu walidhani ni mzaha wa kindugu, wengine wakaanza kucheka. January hakucheka. Aliinuka, akashuka kibarazani, akaingia shambani. Lilikuwa shamba la mwezi wa nane, ardhi nyekundu tupu, imekwanguliwa, hakuna hata unyasi. Akatembea mpaka kwenye mkorosho wa nne, wa tano, akachuchumaa. Mwanaume wa miaka sitini na mmoja ndani ya suti, anajikunja, anavuta magoti, anajaribu kujibana nyuma ya shina ambalo halimtoshi, kiwiko huku, matako kule. Wale wa Lukuledi walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi pia nilianza, halafu nikaacha. Loyce alisimama mikono nyuma. Akamwita mumewe aje mbele.

Stefano alikuja polepole, akasimama ukingoni mwa kibaraza. Mkewe akamuuliza kama anamwona mtu shambani. Alikinga jua kwa kiganja, akatazama.

"Nakuona, shemeji," alisema. "Nakuona vizuri kabisa."

Kicheko kikaisha chenyewe. January alikuwa bado amechuchumaa, na kwa umbali ule tulimwona analia, mabega yakimpanda na kushuka, hakuwa na mahali pa kulifichia hilo pia. Akasimama pale pale, akasema kwa sauti aliyokuwa akiitia majina ya watu mahakamani, ili wa Lukuledi wasikie, na Gasper, na majirani waliokuwa wamesogea uani.

"Baba Imakulata hakuiba. Shahidi alidanganya, na Stefano alisema mahakamani kwamba hapa hapakuwa na majani, ikaandikwa. Nilikuwa napiga taipu ya rufaa. Mstari ule niliuruka mimi."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mzee aliyenong'ona alivua kofia yake akaikunja. Stefano alikaa chini taratibu kwenye ngazi ya kibaraza, mbele ya watu wote, akaushika uso wake kwa viganja viwili. Imakulata alitoka ndani, ambako bibi harusi hutakiwa kubaki, akaja kukaa karibu na baba yake.

Loyce alikwenda kwenye kile kiti cha mjomba. Gasper akasogea upesi. Wifi yangu akakinyanyua na mto wake, akashuka nacho, akatembea nacho shambani mpaka alipokuwa mdogo wake, akakiweka kwenye ardhi tupu, akakitikisa kuona kama kimekaa sawa.

"Marahaba," alisema.

January akakaa. Basi tukabeba mikeka yote, na sufuria, na yule mama na daftari lake, tukahamia huko shambani, na mahari ya Imakulata ikazungumzwa juani kati ya mikorosho, Stefano akiwa mstari wa mbele.